Makoti ya Mikono Mifupi

Nikutegee kimoja, na usikimbilie kujibu. Nilimzika mmoja Machame, nikamkuta Guangzhou. Amening'inia ukutani, tena si mmoja, wamejaa, na wote hawana vichwa.

Wajukuu zangu walijaribu. Mmoja alisema ni kuku wa kuchinjwa. Mwingine akasema ni migomba baada ya upepo. Yule mkubwa, anayejiona amesoma, akasema, "Bibi, hicho si kitendawili, hiyo ni malaria." Wakashindwa wote, wakanipa mji wa Moshi pamoja na stendi na soko lake, nikaupokea. Wewe mji wako uweke kwanza. Jibu nililiona kwa macho yangu na nikalishika kwa mkono, kwa hiyo litakuja lenyewe.

Alianza mkwe wangu Joyness. Ana duka la nguo Moshi mjini, na mwanangu Heriel ndiye anayemletea mzigo kutoka China. Suruali zinatoka, magauni yanatoka, hata soksi zenye picha za paka zinatoka. Makoti ya kiume hayatoki. Kila msimu Heriel anatuma mapya, na kila msimu Joyness anayarundika juu ya yale ya zamani. Mimi dukani kwake nilikuwa sijaingia. Liko ghorofani, na magoti yangu na ngazi hayapatani. Habari za makoti nilizisikia tu.

"Mama, mtu akilivaa, kifuani anaogelea," Joyness aliniambia siku aliyopanda Machame kuja kunilalamikia. "Lakini mikono inaishia hapa, juu ya saa. Mlinzi wa shule nilimpa la bure, akanirudishia. Nimemwambia Heriel, pima hata mwili wako mwenyewe, wewe ndiye saizi ya Moshi nzima. Ananijibu sawa, sawa. Kontena likifika, yale yale."

"Amekuwa mlevi?"

"Afadhali angekuwa mlevi, Mama. Ningejua pa kumshika."

Nikamwona anazungusha pete kidoleni. Kisha akasema lile lililompandisha mlimani. Heriel alikuwa karibu kuagiza tena. Akileta makoti yale kwa mara nyingine, yeye anafunga duka, na akishafunga duka haoni sababu ya kukaa Moshi kumngoja mume ambaye tangu amzike baba yake hajakanyaga nyumbani. Miaka saba anasema anakuja, anasema anakuja.

"Nenda wewe," akaniambia. "Mimi nimemaliza maneno."

Nikaenda. Nikavaa kitenge kizuri, nikapanda ndege kwenda Guangzhou, huko China, nikakaa katikati ya vijana wawili waliolala midomo wazi safari nzima.

Heriel siku hiyo alikuwa Xintang kwenye viwanda vya jinzi, akamtuma mwenzake kunipokea. Anaitwa Ghalib, mtoto wa Zanzibar, na huwa wanachangia kontena. Nilipotokeza nje nilimwona kijana mwenye miwani minene ameshika simu yenye picha yangu, anaitazama picha, anatazama watu. Halafu akamfuata mama mmoja wa Kikongo, mnene mara mbili yangu, akampa shikamoo, akachukua sanduku lake na kuondoka nalo. Yule mama akaanza kumfokea kwa Kifaransa. Ikabidi nipaze sauti.

"Wewe Ghalib. Aliyemzaa Heriel ni mimi."

Akarudi amejaa aibu. "Nisamehe, Bi Mkubwa. Kwenye picha unaonekana mpana."

"Hiyo miwani ni yako?"

"Ya marehemu baba."

"Yeye alikuwa akiona nayo?"

"Mwishoni alikuwa haoni."

"Basi sasa mko wawili."

Alicheka, lakini hakuivua. Garini nilimbana mpaka akanieleza. Baba yake alikufa miaka mingi iliyopita, kabla hata ya mume wangu. Ghalib aliichukua miwani kitandani siku ile ile, akaivaa, na haiondoi ila akiingia kuoga. Macho yake mwenyewe hayana ugonjwa wowote. Sokoni ananunua zipu za kahawia akidhani nyeusi, na wenzake wanamrekebishia kimya kimya kwa sababu wanamhurumia.

Mimi sikumhurumia. Nimewaona sana wanaume wa namna hii misibani. Sisi wanawake tunalia mpaka sauti inakauka, tunajipangusa, tunaosha masufuria, na baada ya hapo tunajua aliyekufa amekufa. Wao wanasimama uani na mikono mifukoni. Wanaambiwa jikaze, wanajikaza, na hakuna anayekumbuka kurudi kuwaambia wajilegeze. Basi wanabaki hivyo hivyo miaka, wamekakamaa kama ngozi iliyosahauliwa juani, na wanataka tuwasifu kwa ujasiri.

Mwanangu ndiye alikuwa fundi wao. Heriel alifika Machame siku yenyewe ya mazishi, jeneza limeshafungwa. Akalibeba, akatupia udongo, akasalimia wageni mmoja mmoja kama mwenyekiti wa kikao, na wiki ile ile akarudi China. Chozi sikuliona.

Jioni alikuja kutoka Xintang, akanikumbatia, akatenga chakula alichopika mwenyewe. Mtoto mzuri. Mrefu mwembamba, mikono mirefu, kama tulivyo sote upande wangu. Tukala. Nikasema, "Baba yako wali wa kunata hivi asingeumaliza."

Heriel akainuka, akaenda kuosha sufuria.

Sufuria lenyewe lilikuwa safi. Nikamngoja akae, nikasema tena, "Ule mparachichi wa baba yako umezaa mwaka huu." Akainuka, akaosha vikombe. Nikaona huyu nikimtaja marehemu mara tano, nyumba itadekiwa mpaka dari.

"Ghalib," nikauliza, "huwa anafanya hivi?"

"Mimi sijaona kitu, Bi Mkubwa."

"Wewe utaona nini."

Makoti sikuyagusa kwa maneno. Nilisema tu kwamba kesho nataka kwenda naye sokoni.

Basi asubuhi tukaenda Guangyuan Xilu, mtaa wa majengo ya nguo za jumla karibu na stesheni ya treni. Wapagazi wanaburuta marobota, na usipokaa chonjo robota linakupitia. Heriel alinishika mkono, Ghalib akatangulia kutupisha njia, akamwomba radhi mdoli wa dukani aliyemgonga. Tukapanda kwa lifti, nashukuru, mpaka kwenye kibanda cha mama mmoja wa Kichina, mfupi, mchangamfu, futi ya fundi imemzunguka shingoni. Huko mwenye duka wanamwita laoban, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Akanipa kiti na maji ya moto.

Nikainua macho ukutani.

Haya, mji wako niupokee sasa, au umeshajua? Makoti. Yamepangwa kwenye henga kutoka juu mpaka chini, meusi, ya bluu, ya kijivu, na kila moja lilikuwa mume wangu William. Kifua kipana kile kama mlango wa ghala. Mabega yale yaliyoinama kidogo mbele. Na mikono mifupi, ambayo alizaliwa nayo na kila fundi wa Moshi alimshona vibaya kwa sababu yake. Nguo zote za mume wangu nilizipunguza mikono mimi, kwa sindano, tangu tulipooana. Niliinuka nikaingiza mkono wangu kwenye koti la kijivu, upindo ukaishia pale pale ulipokuwa ukiishia siku zote nikijipimia. Joyness wa watu angejulia wapi? Aliolewa mzee akiwa kitandani. Hakuwahi kumwona amesimama.

Nilicheka. Nilicheka mpaka laoban akanisogezea kiti tena.

"Heriel, hii saizi uliitoa wapi?"

"Ni fasheni, Mama."

"Fasheni ya nani?"

"Watu wa baridi wanapenda koti pana."

"Na vifundo vya mikono hao wa baridi wanavianika?"

Akashika koti moja, akalifuta vumbi lisilokuwepo. Laoban alikuwa na haraka zake, maana mafundi kiwandani walikuwa wanaanza kukata kitambaa kesho yake na oda ya Heriel ilikuwa haijakamilika. Akamgeukia.

"Yiyang?"

Neno hilo Ghalib alinitafsiria. Anauliza, ni vile vile? Na alipouliza, laoban alifanya kitu ambacho sitakisahau. Alitanua mikono mbele yake, akaikunja taratibu, akakumbatia hewa. Kisha akashika futi yake, akajifanya anapima ile hewa, akamtazama Heriel akingoja jibu.

"Anafanya nini huyu?" nikamuuliza Ghalib.

"Ndivyo Heriel anavyompa vipimo, Bi Mkubwa. Kila msimu. Anasimama pale, anakumbatia hivi, na laoban anapitisha futi ndani ya mikono yake. Kisha anaonyesha kwa kidole mikono ya koti iishie wapi. Sisi tumezoea."

"Mmezoea. Mtu mzima anakumbatia hewa mbele ya watu, ninyi mmezoea."

"Ngoja kidogo," Heriel alimwambia laoban.

Nikalishusha lile la kijivu. "Livae."

"Mama, watu wanapita."

"Hewa umeikumbatia watu wakipita. Livae."

Akalivaa. Kifuani angeweza kuingia na mwenzake. Mikononi, vifundo nje, kama mtoto aliyeizidi sare ya shule. Akasimama amejikaza, macho kwenye kioo, anataka kuniambia limemkaa.

"Limekupenda," Ghalib akasema. "Kwa kweli limekukaa."

Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Nikamfuata Ghalib nikamvua miwani. Alinishika mkono, lakini mimi nimelea wanaume, najua kuwavua vitu. Akapepesa macho, akayafikicha, akatazama kibanda chote kama mtu aliyeamshwa. Kisha akamtazama mwenzake.

"Lahaula. Heriel, umevaa nini?"

"Koti."

"La nani hilo?"

Heriel akaivuta mikono ya koti, haikushuka.

"Nawaambia wote wawili," nikasema. "Mmoja anamvisha marehemu, mwingine anatazama kwa macho ya marehemu, na katikati yenu kuna duka linakufa na mke anazungusha pete kidoleni. Joyness amesema mzigo huu ukija vile vile, anafunga duka na anaondoka. Amenituma nikwambie. Haya, nimekwambia. Sasa osha vyombo."

Hapakuwa na vyombo. Alitazama huku na huku, nadhani kweli alikuwa akivitafuta. Akashika vifungo vya koti, akaviachia. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye kioo.

"Mama, mlimzika na lipi?"

Miaka saba, na hilo ndilo lilikuwa limemkaa kooni.

"La kijivu. Lile la harusi ya mdogo wako Derick."

"Lile lilikuwa refu mikono. Kwenye harusi alilikunja."

"Nililipunguza."

"Lini?"

"Asubuhi ya mazishi. Wenzangu wanapika, mimi nimekaa kitandani kwake na sindano. Wewe ulikuwa njiani."

"Ikamfika?"

"Ilimfika hapa," nikamwambia, nikamshika kifundo cha mkono, pale panapotakiwa. "Hata upindo niliupiga pasi. Baba yako alikwenda amevaa vizuri, Heriel. Hana baridi. Hahitaji jingine, na hili la leo halihitaji, na yale yaliyojaa kwa Joyness hayahitaji."

Akalivua. Alilivua polepole, bega moja kwanza, nilivyokuwa nikimvua baba yake jioni. Akalikunja, akakaa juu ya robota la mtu na koti mapajani, na uso wake ukafanya yale ambayo niliyangoja uani Machame sikuyaona. Mpagazi alikuja kudai robota lake. Ghalib akamwomba angoje, na yeye Ghalib mwenyewe alikuwa anavuta makamasi, miwani mkononi.

"Ndiyo kwanza mnaanza," nikawaambia. "Mmechelewa kiasi hicho, tena kwenye duka la watu. Haya, lieni. Mimi nina maji yangu ya moto."

Nikanywa. Sikuondoa mkono wangu mgongoni kwa mwanangu, lakini hilo si la kuwaambia watu.

Laoban alikuwa mwungwana. Alileta karatasi laini, akatugawia sote, hadi mpagazi. Alitupisha kidogo, akapangapanga henga zake. Lakini biashara ni biashara, na kitambaa kilikuwa kinangoja kisu. Alipoona Heriel amejifuta uso, akarudi na futi yake mkononi. Akatanua mikono, akakumbatia hewa, polepole zaidi ya mwanzo.

"Yiyang?"

Heriel akasimama. Alinikabidhi koti la baba yake, akanyoosha ile mikono yake mirefu pembeni, mmoja huku, mmoja kule, kama mtoto anayeshonewa nguo ya Krismasi.

"Hapana," akamwambia. "Nipime mimi."