Karatasi ya Mwanamke Mrefu

Dada yangu Benta ni mfupi, tena amejaa. Yeye mwenyewe hulisema hilo kabla yako, kwa hiyo usinitazame vibaya. Akisimama karibu na mtungi wa maji pale mlangoni, wageni wenye macho mabovu huwasalimu wote wawili.

Mwaka 1954 nilikuwa nimemaliza shule na ninangoja matokeo ya mtihani. Maana yake nilikuwa nimekaa nyumbani Kaloleni, Kisumu, nikila chakula cha watu na kutoa maoni. Benta alikuwa anatafuta kazi moja tu. Jumba la mikutano la mtaa wetu lilitaka mwalimu wa kufundisha akina mama kushona, na kila mwenye kuitaka kazi hiyo alitakiwa aje Ijumaa mbele ya kamati, amevaa gauni alilolikata na kulishona mwenyewe. Wengine walikwishachujwa. Walibaki wawili: Benta, na Aoko wa Mamboleo, msichana mrefu ambaye hata ukimtupia gunia la mahindi begani, litakaa kama limeshonwa kwa vipimo.

"Nikiikosa hii," Benta aliniambia, "ninarudi Katito kuuza mtama na shangazi."

Alinunua kitambaa cheupe chenye maua makubwa mekundu kwenye duka la Shashikant. Karatasi ya kukatia aliiazima kwa bibi mmoja wa misheni, nayo ilikuwa imetoka Ulaya. Akaifuata kama wanavyoifuata washonaji wote wa Kisumu: unaitandika juu ya kitambaa, unakata, halafu urefu unaozidi unaupunguza chini kwenye pindo.

Jumatano jioni akalivaa.

"Haya, sema."

"Niseme ukweli, au nikae kwa amani?"

"Sema, wuod mama," akaniita kwa Kijaluo, mwana wa mama yake.

"Kiuno cha gauni kimefika kwenye makalio, dada. Kiuno chako kimebaki huko juu peke yake, kama abiria aliyeachwa na basi. Na haya maua yameenea mawili tu. Moja liko mbele, na la nyuma..."

"Nyamaza, Laban!"

Kwa kawaida hapo hunirushia kiatu. Siku hiyo hakurusha kitu. Alikaa kitandani, mikono juu ya magoti, akayatazama maua yake. Nikaona utani wangu umefika mahali ambapo haukualikwa. Nikatoka kimya kimya kwenda kumwita jirani yetu, Mama Rehma.

Mama Rehma alikuwa akishona kanzu na nguo za akina mama. Ni mfupi kama Benta, na kwa upana amempita. Lakini siku ya Idi akitoka nje, barabara nzima humwangalia na hakuna anayecheka.

Aliingia, akalizunguka lile gauni mara moja, akaomba karatasi. Akaishika begani mwa Benta, ikaning'inia.

"Hapa chini ulikata kiasi gani?"

"Shubiri nzima, Mama."

"Kumbe! Kidonda kiko mkononi, wewe umefunga mguu. Ufupi wako hauko chini, uko hapa." Akaweka kiganja chake kati ya kwapa na kiuno cha Benta. "Sote mjini hapa tunakosea hivyo. Tunaiogopa karatasi ya Mzungu kama risiti ya kodi, eti isikunjike. Karatasi inakunjwa, mwanangu!"

Akamfunga Benta uzi tumboni, akamwambia ainame kushoto, ainame kulia. Uzi ukapanda wenyewe, ukatulia.

"Hapo ndipo Mungu alipokiweka kiuno chako. Usibishane naye."

Akamwonyesha namna ya kuikunja karatasi juu ya kiuno, vidole vitatu. Kisha akauliza kama kuna kitambaa kingine. Benta akatoa cha buluu iliyokoza, chenye vidoa vyeupe vidogo kama mchele. Alikuwa amekificha sandukuni kwa sababu aliona ni cha wazee.

"Hiki hiki. Sketi usiijaze marinda, ikate vipande vinavyofunguka chini taratibu. Vifungo vishuke mstari mmoja kutoka shingoni mpaka pindoni, macho ya watu yapate njia ya kupita. Mshipi uwe mwembamba, wa kitambaa hicho hicho."

"Na makalio, Mama?"

"Makalio hayafichiki. Yapitie karibu, uyasalimu, uendelee na safari."

Hapo ndipo Benta alipocheka. Alhamisi nzima alishona peke yake. Mama Rehma hakuigusa cherehani hata mara moja.

Ijumaa nikasimama nje ya jumba, kando ya dirisha. Lilikuwa wazi, nami macho na masikio yangu hayana kazi nyingine. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bibi Nalini, mke wa daktari wa Milimani. Aoko alitangulia, na gauni lake la manjano lilimkaa vizuri sana, nakiri. Bibi Nalini akaweka karatasi ya kukatia mezani.

"Mwanamke mfupi amekuja na hii. Utafanya nini?"

"Nitapunguza chini, Bibi," Aoko akajibu kwa adabu.

Akaitwa Benta. Alitembea polepole, na zile nyonga zake zikaingia pamoja naye bila kelele. Swali likawa lile lile. Aliikunja karatasi juu ya kiuno na kuipiga pasi kwa kiganja.

Bibi Nalini akamtazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Mbona viatu vya chini? Hutaki kuonekana mrefu?"

"Sikuja kuonekana mrefu, Bibi. Nimekuja kuonekana nimevaa."

Wanakamati wakacheka.

"Kukunja huku, nani alikufundisha?"

"Mama Rehma, jirani yangu. Juzi jioni. Kabla ya hapo na mimi nilikuwa nikikata chini."

Nje, nikajishika kichwa. Mtu anaomba kazi ya ualimu, halafu anakiri kwamba somo lenyewe amelipata juzi!

Ndani wakanong'onezana kwa muda mrefu. Mwisho nikamsikia Bibi Nalini.

"Wanawake watakaokuja hapa, wote wanakata chini. Wewe unajua wanakosea wapi, kwa sababu hujasahau. Anza Jumatatu, saa nane."

Benta alipotoka, Aoko alikuwa bado amesimama kwenye ngazi. Nilidhani kutakuwa na maneno. Aoko akaangalia kiuno cha gauni la Benta, akaangalia viatu vyake mwenyewe.

"Mama yangu ni mfupi," alisema. "Nimemharibia magauni manne."

"Mlete Jumatatu," Benta akamwambia. "Na hayo manne mje nayo, tuone lipi litaokoka."