Paneli kwenye Kichanja cha Kahawa

Taa ndani ya mashine ya kutotolea mayai ilizimika tena kabla hata ya chakula cha jioni. Benadetha aliweka kiganja juu ya kifuniko, akamwita mumewe.

"Baba Vitalis, yanapoa. Haya nayo yatakufa kama yale ya kwanza."

Hyasinti alikuja, akaikagua betri. Mambo ya sola alijifunza mwenyewe, na alizoea kukagua kitu kimoja kimoja kabla ya kulaumu. Kioo cha paneli alishakiosha. Nyaya alishazikaza. Paa lao lilikuwa chini ya kivuli cha migrevilea, kwa hiyo paneli aliilaza mwishoni mwa kichanja cha kuanikia kahawa, mahali penye jua kuliko pote uani. Kila asubuhi aliipima kabla ya kwenda kuchuma kahawa, akaikuta nzima.

Alimpigia shemeji yake Salvatory wa Mbamba Bay, aliyempa paneli hiyo.

"Huku ilikuwa inajaza betri za taa za kuvulia usipa bila shida," Salvatory alicheka. "Huko kwenu milimani jua lenyewe linavaa sweta, shemeji."

Ikabaki kontrola ya chaji, ile inayopitisha umeme wa paneli kwenda kwenye betri. Mjini Mbinga, Ambokile wa duka la vifaa vya sola alitazama kwenye simu ya Hyasinti picha ya kibandiko cha paneli.

"Hii ni ya volti thelathini na kitu. Shemeji yako lazima aliunganisha betri mbili. Wewe unayo moja, ya volti kumi na mbili, na kontrola yako ya kawaida inaishusha paneli mpaka volti za betri. Nguvu nyingi inapotea. Chukua ya MPPT, hiyo volti za ziada inazigeuza kuwa ampea. Ila iwe ya kweli. Nyingine zina maandishi tu."

Hyasinti aliinunua, akaifunga. Asubuhi namba za kontrola zilipanda kuliko siku zote. Jioni taa ilichelewa kidogo tu, ikazimika.

"Umebadilisha kila kitu, bado mke," Benadetha alisema.

Kesho yake Hyasinti aliacha kuchuma, akarudi nyumbani jua likiwa la utosi. Paneli hakuiona. Kichanja chote kilikuwa kimefunikwa magunia, na mama yake, Ottilia, amekaa kando akipepeta mahindi.

"Shikamoo mama. Paneli iko wapi?"

"Marahaba. Iko hapo chini. Si unajua jua la saa hizi linapasua kahawa? Nikakihurumia na hicho kioo chako."

"Kila siku?"

"Kila siku. Nikifunua kahawa, nakifunua nacho."

Hyasinti alishusha pumzi. Kahawa hata yeye angeifunika.

"Mama, hiki kinakula jua. Mchana ndio chakula chake."

"Ningejuaje? Umekilaza kwenye kichanja changu, hukusema neno."

Hyasinti alikwenda mwishoni mwa kichanja. Alivuta gunia la mwisho. Namba kwenye kontrola ziliruka.

Jioni ile Benadetha aliyamulika mayai kwa tochi, moja baada ya jingine. Mengi hayakuonyesha uhai. Katika machache kitu kilitikisika. Hayo aliyarudisha taratibu. Taa ya mashine ilikuwa bado inawaka.

"Kesho," alisema bila kumtazama mumewe, "hicho kioo kitafutie mahali pake."

Hyasinti alikuwa ameshashika panga, anatoka kwenda kukata nguzo za kuisimamishia paneli.