Korongo Aliyefungwa Kambini kwa Chifu

Mwaka ule wa sitini na nane, wanaume wa upande wa chini wa Magwagwa waliyachoma matete ya kinamasi ili wapate mahali pa kupanda mahindi. Makori alikuwa mmoja wao. Moto ulipotulia, mkewe Nyanchera aliteremka kuchota maji, akasikia kitu kikilia kwenye majivu. Lilikuwa kinda la korongo, la rangi ya kutu, miguu mirefu kuliko mwili, limesimama kando ya mwenzake aliyekwisha kuungua. Wazazi walizunguka juu wakilia, wasithubutu kushuka kwenye moshi, mwisho wakavuka kilima wakapotea. Nyanchera aliwangoja hadi jua likaanza kuinama. Walipokosa kurudi alilifunga kinda lile kwenye leso yake, akapanda nalo nyumbani.

"Nyama yenyewe ni ndogo hivyo?" Makori alimwuliza akicheka.

"Si nyama. Ni mtoto wa watu mliowachomea nyumba," Nyanchera alimjibu. "Mliowasha moto ndio mngemlea, lakini ninyi mnajua kuwasha tu."

Alimlaza kikapuni karibu na mafiga, juu ya sweta kuukuu ya mwanawe Onchiri, ambaye alikuwa shule ya bweni. Ndege alikataa kula. Akipewa uji anageuza shingo, akipewa wimbi anaukanyaga. Ndipo Nyanchera alipokumbuka alivyowaona korongo wakitembea na wana wao, mama akidonoa na mtoto akitazama. Akaukunja mkono wake ukawa kama mdomo, akaanza kudonoa udongo mbele ya kinda, kidole kikigonga panzi aliyemvunja miguu. Kinda likatazama, likagonga pia, likameza. Majirani waliopita walimwona mama mzima amepiga magoti akidonoa ardhi, wakaenda wakisimulia. Hakujali.

Korongo alikua. Alimfuata shambani, akila wadudu nyuma ya jembe, na Nyanchera akipumzika naye alisimama kwa mguu mmoja. Zikamwota nywele ngumu za dhahabu kichwani, shingo ikamfikia Nyanchera kiunoni. Mvua ya vuli ilipokoma alianza kuruka, kwanza hadi kwenye migomba, kisha ng'ambo ya kijito, lakini alirudi. Nyanchera alijua kwamba ipo siku hatarudi, na alikuwa akiingoja siku hiyo kwa moyo mweupe.

Sabato moja, baada ya ibada, alibaki na akina mama kwenda kumwombea mgonjwa. Makori alitangulia nyumbani, na njiani akakutana na Chifu Nyamongo, wakaingia pamoja kunywa chai. Chifu akamwona korongo uani, akamsifu. Akamsifu tena. Makori, ambaye hakuwahi kumrushia ndege yule hata punje, akasema, "Chukua tu, mzee. Ni wako." Aliyasema hayo kama mtu anayemkatia mgeni ndizi.

Nyanchera aliporudi, aliambiwa habari hiyo kama habari njema.

"Ulimpa kitu cha nani?" aliuliza.

"Mama Onchiri, ni ndege tu. Chifu amefurahi mno. Anataka wageni wa serikali wamwone kambini."

"Nimekuuliza, Baba Onchiri. Cha nani?"

Makori akaifuta kofia yake kwa mkono wa shati. Nyanchera aliingia jikoni, akakikuta kile kikapu kitupu karibu na mafiga, akaacha kukoka moto. Kilichomuuma zaidi ya kumkosa ndege ni kwamba hakuna aliyefikiri kumuuliza.

Siku ya soko alikwenda kambini. Baraza lilikuwa limeanza, watu wamekaa kwenye nyasi, Makori miongoni mwao. Korongo alikuwa amefungwa mguu kwa kamba ya katani kwenye mlingoti wa bendera. Nyanchera alipomkaribia ndege alijaribu kumkimbilia, kamba ikamwangusha. Bawa la kulia lilikuwa fupi kuliko la kushoto. Manyoya yalikatwa kwa mkasi, sawasawa, kama nywele za mtoto wa shule.

"Nani amemkata?" Nyanchera aliuliza, bila kuomba nafasi ya kusema.

Abner, askari wa chifu, alitazama viatu vyake. "Niliagizwa, mama."

"Keti chini," Chifu alisema. "Ndege wa porini ni mali ya serikali."

"Serikali ilikuwa wapi alipokuwa akitetemeka kwenye majivu? Mimi ndiye niliyemtafutia panzi. Mimi ndiye niliyepiga magoti mpaka mkanicheka. Leo ameota taji, ndipo mnajua ni wa serikali."

"Mumeo alinipa mwenyewe. Yuko hapa. Makori, simama. Ulinipa au hukunipa?"

Makori akasimama. Watu wote wakamtazama. "Nilikupa, mzee," alisema kwa sauti ndogo. "Mali ya mke ni mali ya mume."

Nyanchera hakumtazama. Alimwendea mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi kando ya uwanja, akamwomba kisu, akapewa. Akapiga goti akaikata kamba. Abner alipiga hatua moja, lakini mwenye ndizi alikwisha kusimama, na wa viazi, na wa mtama, wakasogea wote pasipo neno hadi wakawa kati ya askari na Nyanchera. Abner akageuka kumtazama Chifu.

Chifu akacheka. "Mwacheni aende naye. Ndege mwenyewe ananyea viatu vya wageni."

Uwanja mzima ukacheka naye, na kicheko hicho ndicho kilichomchoma Nyanchera kuliko yote. Alimpata ndege wake, ila si kwa haki. Alimpata kama mzaha. Hakuna aliyesema kwamba kosa limetendeka. Alimkumbatia korongo, miguu ikining'inia, akashika njia.

Makori alimfuata nyuma. "Umeniaibisha mbele ya watu," alisema.

"Aibu ulikuja nayo kutoka nyumbani. Mimi nimewaonyesha tu."

Karibu mwaka mzima ulipita kabla ya bawa kuota upya. Nyanchera alimjengea kizimba cha miti kumkinga na mbwa na nguchiro, na kila asubuhi alimsindikiza kijitoni, maana ndege asiyeruka hana pa kukimbilia. Makori aliongeleshwa yanayohusu chakula na watoto, basi.

Wimbi ulipokomaa, korongo sita walitua kwenye shamba la jirani. Yule wa Nyanchera aliinua shingo, akapiga mbio, akaruka chini chini akiyumba, akafika. Wenzake walimkwepa, kisha wakamwacha akae nao. Mchana walipoinuka aliinuka pia, wakavuka kilima kuelekea Birongo.

Makori alikuwa amesimama na jembe lake. "Umeona? Ameenda zake. Umefaidi nini?"

"Sikumlea nimfaidi," Nyanchera alisema. "Na wewe uliyemtoa, ulifaidi nini?"

Nyanchera aliinama kwenye tuta lake la viazi akaendelea kupalilia, na hakuinua kichwa kutazama kama mumewe bado amesimama pale au ameondoka.