Mforosadi wa Bibi Tamae Katika Picha za Klabu

Jumamosi ya pili ya Novemba, saa nane mchana, Klabu ya Picha ya Tonobe ilikutana katika ukumbi wa mtaa. Viatu vilipangwa mlangoni, ncha zikitazama nje. Chai ilikuwa imeshamiminwa, na biskuti za mchele zilikuwa zile zile zilizobaki mwezi uliopita. Mwenyekiti, Mzee Kuramitsu, mstaafu wa idara ya maji, alizima taa akaonyesha picha yake ya treni ya rangi ya machungwa ikivuka daraja katika safari yake ya mwisho. Mbele ya treni ulisimama mforosadi mkubwa. Ulikuwa umeficha behewa la kwanza lote na nusu ya la pili.

"Mwanga umekaa vizuri," alisema Daktari Hirukawa, tabibu wa meno, ambaye mwenyewe hupiga picha za kereng'ende. "Ila treni iko wapi?"

"Nyuma ya mti," alijibu Mwenyekiti.

"Majani ya kushoto yametoka makali sana," alisema Bi. Odagiri. Huyu hufuma mipira ya nyuzi za rangi na kuipiga picha dirishani kwake.

Wakapiga makofi, maana kwetu kila picha hupigiwa makofi, hata ya kidole kilichoziba lenzi. Kisha wanachama wengine kumi na mmoja wakaonyesha picha zao za treni ile ile, kila moja na mforosadi ule ule mbele yake. Wote walipigiwa makofi. Mti huo ulikuwa umekatwa siku mbili kabla ya treni kupita.

Ulikuwa mti wa Bibi Tamae Shimojo, mjane wa miaka themanini na moja, na ulisimama ukingoni mwa shamba lake, chini ya reli. Ulipandwa na mama mkwe wake enzi za kufuga viwavi wa hariri, viwavi wakila majani na watu wakila matunda. Bibi Tamae aliingia nyumba ile akiwa bi arusi wa miaka ishirini. Anasema katika watu wote aliowakuta pale, mti ndio pekee ambao haukumsema vibaya. Aliupenda kuliko alivyompenda mama mkwe, na hakuwahi kuficha jambo hilo, hata mbele ya mama mkwe.

Nani aliukata, halikuwa fumbo. Wapiga picha za treni wana desturi yao: wiki nzima kabla ya siku yenyewe hubandika utepe wa gundi mahali wanapotaka kusimama, wakaandika jina na tarehe, asije mwingine akawapora nafasi. Asubuhi baada ya mti kukatwa, Bibi Tamae alipofika shambani alikuta tepe kumi na moja zimebandikwa kwenye ukuta mfupi wa zege. Ya kumi na mbili ilikuwa juu ya kisiki chenyewe, pale palipokatwa, mbao bado mbichi. Iliandikwa kwa mkono safi wa karani: "Kuramitsu. Novemba 5. Asanteni kwa kuheshimu nafasi yangu." Kisiki kilikuwa kimepakwa dizeli ili kisichipue. Mwizi mwingine angeogopa kukamatwa, lakini mpiga picha wa treni huogopa zaidi kunyang'anywa pa kusimama.

Bibi Tamae hakwenda polisi. Kwetu Tonobe ukikanyaga kabichi ya jirani, unavaa koti, unanunua sanduku la vitamu lililofungwa kwa karatasi nzuri, unakwenda mlangoni kwake, unainama na kusema: ni mimi. Basi, yamekwisha. Bibi Tamae alifagia ukumbi wa mlangoni, akaweka mto wa kukalia wageni, akangoja. Alichotaka ni hilo tu, mtu aje aseme ni mimi. Novemba ikaisha. Mto aliuanika mara mbili usije ukaota ukungu.

Mti nao haukukaa bure. Ulitokea katika picha za kereng'ende wa Daktari Hirukawa, nyuma ya bawa, umefifia kidogo kwa kuwa lenzi yake ni ya karibu. Ulitokea dirishani kwa Bi. Odagiri, ambaye anakaa ghorofa ya sita. Mwanachama mmoja alikwenda Okinawa na mkewe akarudi na picha arobaini za bahari, na mforosadi umesimama majini hadi magotini. Mkewe alisema kivuli chake kiliwafaa sana. Picha za malori zilikuwa na mti, na picha za vyungu pia. Desemba ulipukutisha majani, katika picha zote kwa wakati mmoja, hata zile zilizokwisha kutiwa fremu.

Mwenyekiti alijaribu kuufuta kwa kompyuta. Aliufuta siku nzima, na jioni ulikuwa umeongeza tawi. Akaipeleka kamera kwa fundi. Fundi aliirudisha baada ya wiki mbili na barua ya adabu: kamera ni nzima, vumbi limesafishwa, mti una afya.

Januari, Bibi Tamae alichoka kungoja akaenda klabuni mwenyewe. Alivua viatu, akakaa kiti cha mbele, akatazama picha zote hadi mwisho. Taa zikawashwa.

"Ule ni mti wangu," alisema.

"Tunaujua, Bibi," alisema Bi. Odagiri, akimsogezea chai. "Umependeza sana mwaka huu."

"Kama mnaujua, basi mniambie nani aliukata."

Watu kumi na wawili wakaangalia vikombe vyao. Wote walikuwapo usiku ule mti ulipokatwa, au walifika nusu saa baadaye, wakaona na kusema nafasi sasa ni nzuri. Daktari Hirukawa alikuwa ameshika tochi. Lakini kumtaja Mwenyekiti mbele ya mgeni ni kumvunjia heshima, na heshima ya Mwenyekiti kwetu ni kitu cha kushikwa kwa mikono miwili, hata kikiwa na dizeli.

"Upepo wa Novemba ulikuwa mkali," alisema Daktari hatimaye.

"Upepo wenu una meno ya msumeno," alisema Bibi Tamae. Akamgeukia Mwenyekiti. "Nawe, mwanangu Kuramitsu? Hujambo? Mbona hunywi chai?"

"Ni ya moto, Bibi."

"Tangu Novemba?"

Daktari alicheka kidogo, kisha akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mwenyekiti alitangaza ratiba ya Februari. Bibi Tamae alirudi nyumbani kwa miguu akilia kwa hasira. Hakujifuta machozi, kwa sababu njia ile haina watu.

Klabu ilikuwa na shida nyingine. Mashindano ya mkoa yalikaribia, na hakukuwa na picha hata moja isiyo na mti. Baada ya majadiliano ya saa tatu waliamua kwa kauli moja kwamba mti ndio mada. Walipeleka picha kumi na mbili chini ya jina "Mforosadi Wetu," wakashika nafasi ya kwanza. Jaji aliandika kwamba ni nadra siku hizi kuona wapiga picha wanaouheshimu mti mkongwe kiasi cha kukubali uifiche treni. Mwenyekiti aliyasoma maneno hayo ukumbini mara mbili. Mara ya pili aliyasoma polepole zaidi, na alikuwa anamaanisha.

Machi wakaanza kuja watu kutoka mbali. Walisimama kwenye ukuta mfupi, wakabandika tepe zao, wakaelekeza kamera kwenye hewa tupu juu ya kisiki, wakapata mti wenye machipukizi. Halmashauri ya mji iliweka kibao: "Msiguse mti." Wageni walikitii, hakuna aliyeugusa.

Asubuhi moja ya Aprili mlango wa Bibi Tamae ulibishwa. Alikuwa Mwenyekiti Kuramitsu, amevaa koti jeusi, mkononi ana sanduku la vitamu lililofungwa kwa karatasi ya lile duka la zamani la mjini. Bibi Tamae alimkaribisha. Alivua aproni, akaubonyeza mto wa wageni mara mbili, akapiga magoti mahali pake. Mwenyekiti aliinama mpaka chini kabisa, akakaa hivyo muda mrefu.

"Bibi Tamae," alisema akiwa bado ameinama, "nimechelewa sana kuja. Naona aibu hata kufungua mdomo."

"Fungua tu, mwanangu. Nasikiliza."

"Ni ile kamba yako ya kuanikia nguo. Inaukata mti katikati kwenye picha. Wageni wanalalamika."

Bibi Tamae alimtazama utosini. Nywele zilikuwa zimechanwa kwa uangalifu.

"Ni hilo tu?" aliuliza.

Mwenyekiti alifikiri kwa dhati, kama mtu anayeogopa kusahau jambo.

"Na ile ndoo ya bluu," alisema, "kama haitakusumbua."

Akalisukuma sanduku mbele kwa mikono miwili, na Bibi Tamae akalipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa sanduku likishaletwa halirudishwi. Kamba aliifungua siku hiyo hiyo. Tangu hapo nguo zake zinakauka ndani, na wakati wa mvua huchukua siku tatu.