Siku Niliyomvua Emérance Kitenge

Mimi, kiongozi wa kwaya ya wamama pale Mudzipela, mtaa wa Bunia, ndiye niliyemfukuza Emérance. Nasema wazi, kwa sababu siku hizi nasikia watu wakisema aliacha mwenyewe.

Alikuwa na miaka thelathini na nne na watoto watatu. Yeye na bwana wake Alexis walikuwa wamekimbia vita kule Bambu. Katika sauti ya pili hatukuwa na mwingine kama yeye. Lakini baada ya kuzaa mtoto wa mwisho, alianza kuchelewa mazoezi. Akifika, anaimba kidogo, kisha anaegemea ukuta.

"Mama Nadège, pumuzi iko nakatika," aliniambia. "Kule kituo cha afya walinipa dawa ya tumbo. Wanasema iko mawazo."

"Siye wote tuko na mawazo," nikamjibu. "Weye uko na uvivu." Wenzake wakacheka.

Siku ya Pasaka, kanisa limejaa hadi mlangoni, Emérance akaketi katikati ya wimbo. Sauti ya pili ikayumba, wimbo ukatuharibikia. Baada ya ibada nikamwita nje, nikamwambia arudishe kitenge cha kwaya. Hakubishana. Alikifungua pale pale juu ya gauni lake fupi, na hapo nikaiona miguu yake. Ilikuwa imevimba, kamba za sandali zimezama ndani ya nyama.

Niliiona. Nikachukua kitenge, nikakikunja, nikaenda zangu.

Majuma matatu baadaye Alexis alikuja kwangu. "Emérance iko hospitali. Iko moyo."

Nilimkuta amelala karibu kukaa, mito mitatu mgongoni. Munganga, yaani daktari, mwanamke wa makamo, alinieleza kwamba mlango mmoja wa moyo uliharibika tangu utotoni, kwa ugonjwa wa koo ambao haukutibiwa vizuri, na kila mimba iliuzidishia moyo mzigo.

"Wamama wanatufikia wamechelewa," alisema. "Kila mtu anawaambia ni uchovu wa watoto tu."

Nikatazama sakafu. Emérance akanishika mkono.

"Mama, unisamehe. Siku ya Pasaka nilikuharibia wimbo."

Maneno hayo yaliniunguza kuliko kama angenitukana.

"Niliona miguu yako," nikasema.

"Najua. Nilikuona uko naangalia."

Alirudi nyumbani mwezi uliofuata, na dawa za kila siku, sindano ya kila mwezi, na onyo kwamba mimba nyingine inaweza kumuua. Upasuaji anaouhitaji haufanyiki hapa Bunia. Nilimwomba arudi kwaya, aimbe ameketi. Akanishukuru kwa upole, akakataa.

Jumamosi iliyopita, mazoezini, nikawasimulia wamama wote, tangu mwanzo. Joséphine akanihurumia: "Mama, hukujua."

"Nilijua ya kutosha," nikasema.

Wakatazama chini, nami nikafungua kitabu cha nyimbo na sikuona hata mstari mmoja.