Masega ya Gari la Marehemu

Enzi za Mzee Marijani, pale kwenye uwanja wake wa vyuma chakavu Gongo la Mboto, skrepa haikununuliwa kwa karatasi. Muuzaji aliulizwa habari za nyumbani, za wazazi, za mtaa, mpaka mzee ajue anauziwa na nani. Mwizi gani angestahimili salamu za namna hiyo? Wengi waliaga kabla hazijafika kwa mjomba.

Sasa mzee ni marehemu na uwanja anauendesha bintiye, Zubeda. Leseni yake ilikuwa inakaguliwa mwezi huo, na masharti hayakuwa na utani: ukinunua masega, kile kichujio cha kwenye bomba la moshi la gari ambacho wezi wanakiwania, uandike kitambulisho cha muuzaji na kadi ya gari yalikotoka. Ukikutwa na masega yasiyo na mwenyewe, unafungiwa.

Asubuhi moja akaja fundi Twalib, rafiki wa marehemu tangu ujana, kakumbatia masega ya gari lake kuukuu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Gari limekufa kabisa. Nipimie haya."

"Naomba kitambulisho na kadi ya gari."

Mzee alimtazama kama mtu aliyenyimwa chakula harusini. "Mie? Marijani hakuniombaga karatasi hata siku moja."

Zubeda aliona aibu, maana huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. "Najua, baba. Ila wakinifungia, uwanja wake ndiyo basi tena."

Twalib akanuna, lakini akaitoa kadi mfukoni. Zubeda alipoisoma, macho yakagota kwenye jina la mmiliki: Marijani Twaha.

"Si ndiye yeye aliyeniuzia?" akasema Twalib. "Mwaka wa kumi na mbili huu. Tulipeana mikono, yakaisha. Kwenda kubadili jina tungeonekana hatuaminiani."

Zubeda akacheka, kisha machozi yakamtoka. Huyo ndiye baba yake hasa. Lakini kwa karatasi, gari lilikuwa bado mali ya marehemu, na msimamizi wa mirathi alikuwa yeye mwenyewe.

"Leo siwezi kununua. Kwanza niandike, niweke na sahihi, kwamba baba alikuuzia kweli."

"Tulikuwa wawili tu, shahidi hatuna," Twalib akasema taratibu. "Utawekaje sahihi kwa jambo ambalo hukuliona?"

Zubeda akachukua kalamu.

"Si umeshasema wewe?" akamjibu, akaanza kuandika.