Kona ya Nyumba ya Lusia

Wallahi, katika kisa hiki sikuongeza hata punje. Mlango wangu haupo, na asiyeamini aje Somanga aingie moja kwa moja hadi chumbani, atakuta hakuna cha kumzuia.

Tangu tumzike mke wangu, Mama Twalib, kabla ya mfungo, nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Wali ulikuwa unapita kooni tu. Siku ya msiba, Lusia, jirani yangu Mmakonde na mtani wangu, alijifunga khanga ya marehemu, akashika kiuno, akanigombeza kwa sauti ileile ya mwenyewe: "Mzee wewe, huo uongo wako leo tuupike na nini?" Watu wakacheka mpaka wakalia. Mimi nikawa natazama miguu yao.

Mdomo tu ndio uliobaki hai, tena ukifanya kazi peke yake.

Nyumba ya Lusia ilipoungua, alihamia chini ya turubai. Kanisani kwao walimpa mabati ya kutosha chumba na sebule, basi, na mvua zilikuwa karibu. Fundi wa kupima msingi hakuonekana. Mdomo wangu ukasema, "Nitakupimia mimi."

"Wewe unajua kupima?"

"Kiranjeranje nilipima nyumba, ukiweka yai katikati ya sakafu linatulia tuli, halijui liviringikie kona ipi. Kuku wa kijiji kizima wakahamia humo kutaga."

"Na kona yangu ikipinda?"

"Ng'oa mlango wangu."

Kiranjeranje nilikwenda mara moja, harusini. Kupima nilijifunzia kwenye ukurasa wa kitabu cha shule niliofungiwa karanga. Ulikuwa na picha ya pembetatu, kona moja imetiwa mraba mdogo, na maneno: tatu, nne, tano, utapata pembe mraba. Chini yake palichanika. Hapo nikajazia mwenyewe.

Nikapiga mafundo kwenye kamba ya katani, yote yakiachana sawasawa. Nikahesabu mafundo matatu upande huu, manne upande ule, matano mshazari, nikapigilia vigingi. Kamba ikabaki.

"Hiyo ya kufungia mbuzi," nikamwambia Lusia.

Vijana wakachimba msingi kufuata alama zangu, wakapanga mawe ya kwanza. Ndipo Lusia akaleta bati moja, akalilaza pale konani. Upande mmoja ukagusana na mawe mwanzo hadi mwisho. Upande wa pili mawe yakaenda zake kama mtu aliyesusa.

"Mtani, bati limepinda?"

"Jua limelivuta."

Dada yake, Fortunata, anafundisha hesabu Mitole na alikuwa amekuja kumjulia hali. Akaiokota kamba yangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Upande huu ulihesabu nini?"

"Mafundo matatu."

"Kati ya mafundo matatu mna nafasi ngapi?"

Nikatazama. Mbili. Upande wa pili tatu, mshazari nne.

"Zinazohesabiwa ni nafasi, babu. Kona yako imeachama."

Lusia hakucheka. Alitazama mawingu, akatazama turubai. "Mvua ikinikuta hivi, nitalala wapi?" Aliuliza polepole, kama anayeuliza bei ya dagaa asiyenuia kununua. Sauti ile niliijua. Ndiyo yangu mwenyewe, ninayoamka nayo tangu msiba.

Tukang'oa mawe. Nilishika jembe mwenyewe, na mdomo ukanyamaza. Fortunata akapima upya, nafasi kwa nafasi, bati likalazwa, likakaa pande zote mbili. Mvua ilipopiga, ilimkuta Lusia ndani.

Mlango wangu ni wa mninga. Mama Twalib alikuwa akiupaka mafuta ya nazi kila Alhamisi. Nilifungua bawaba, nikangoja moyo useme kitu. Haukusema. Nikaubeba kichwani hadi kwa Lusia.

"Nilidhani utaleta hadithi," akasema.

"Zimeisha."

Akaushika, akaunusa ubao. Hakunirudishia. Mtani harudishi.

Asubuhi mbuzi aliingia hadi kitandani kwangu. Nikamweleza kwamba mlango nimeutoa sadaka, kwa hiari, kumsaidia mwanamke mwenye shida.

"Mwambie kweli huyo mbuzi!" Lusia akapaza sauti kutoka njiani, ndoo kichwani. Alikuwa ananiona vizuri kabisa.

Nikamwambia kweli. Mbuzi alisikiliza mpaka mwisho.